Hiyo Ni Chai

Usiku wa kuamkia harusi ya mtoto wa shangazi, wanawake kumi na wawili tulikaa uani kwake Ngamiani, Tanga, kwenye mikeka miwili, tunachambua mchele wa pilau. Kila wawili na sinia lao. Kazi hiyo inataka msimulizi, la sivyo saa tano haijafika watu wameshaanza kusinzia na mawe yanaingia sufuriani. Zamani msimulizi wa ukoo alikuwa marehemu bibi. Tangu nirudi kwenye mizunguko yangu, ni mimi.

"Tupe ile ya chai," akasema mdogo wangu, ambaye ameisikia mara ishirini na anaijua kuliko mimi.

Nikawapa ile ya chai. Nikaweka sauti ya bibi kizee, nikaweka mvua ya mawe kwa kupiga vidole kwenye sinia, nikainuka kuonyesha nilivyobaki nimeshika viatu mkononi. Nilipofika kwa wale watoto wawili walionikodolea macho kana kwamba jini limeingia ndani, watu walikuwa hoi. Mmoja akamwaga mchele.

Shangazi hakucheka.

Si kwamba alinuna. Alikuwa anasukuma punje kwa kidole gumba, mawe ukingoni, mchele katikati, kama mtu anayehesabu. Kelele zilipotulia akauliza bila kuinua macho:

"Na wale watoto walikula nini?"

"Watoto gani, shangazi?"

"Hao waliokuwa wanakutazama."

Nikafungua mdomo. Hadithi hii nimeisimulia miaka na miaka. Nina jibu la bei ya farasi, la choo kilikuwa wapi, la walilala vipi na baridi ile. Hilo sikuwa nalo.

"Nadhani walikuwa wameshakula," nikasema.

"Ee," akasema shangazi. Akachota konzi nyingine.

Wiki saba zimepita. Pilau ililiwa, bi harusi yuko kwake Muheza, na mimi bado niko kwenye sinia lile.

## Kwa ambaye hajaisikia

Agosti 2018 nilikuwa Kirigizistani, nchi ya milima ya Asia ya Kati, mwezi wa nne wa safari iliyopangwa miezi sita ikaishia kumi na moja. Begi la kilo 14 mgongoni, mtandio kichwani, na pesa nilizozihesabu kila usiku kana kwamba zingezaana. Nilikuwa nasubiri Michezo ya Dunia ya Wahamaji, iliyofanyika mwanzoni mwa Septemba pale Cholpon-Ata, watu wakishindana kwa farasi, mieleka na tai wa kuwinda. Siku zikawa nyingi, nikaamua kutembea kwa miguu kutoka kijiji cha Kyzart hadi ziwa Song-Köl, mita 3,016 juu ya usawa wa bahari. Wachungaji hupandisha mifugo huko majira ya joto na kukaa kwenye yurta, zile hema za mviringo za sufu iliyoshindiliwa, mpaka baridi iwarudishe chini.

Mvua ya mawe ikanikuta katikati. Njia ya farasi ikapotea. Nikaona moshi, nikauendea.

Ndani walikuwemo bibi, mkwewe, na watoto wawili. Wakanivua koti, wakanikalisha kule ndani kabisa mbali na mlango, karibu na jiko linalochoma samadi kavu, wakatandika kitambaa. Juu yake jamu, vipande vya sukari, malai, na boorsok. Hapa wasikilizaji wangu hupiga makofi, kwa sababu boorsok ni mandazi. Madogo, ya pembe nne, ya kukaanga. Umepanda mlima siku nzima unadhani umeiacha dunia, unakuta mandazi.

Halafu chai. Bibi akamimina kwenye kibakuli kisicho na mkono, akanikabidhi. Nikachungulia. Haikufika hata nusu.

Kwetu Tanga, ukimmiminia mgeni chai nusu kikombe, habari zitafika Pangani kabla mgeni mwenyewe hajafika mlangoni.

Nikanywa ikaisha. (Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, ndiyo maana koo ninalo hadi leo.) Akakipokea kibakuli, akamimina tena. Nusu. "Chai ich," akasema, kunywa chai. Nikanywa. Nusu. Moyoni nikaanza kumsengenya: bibi wa watu ana birika zima hapo, ananipimia kama dawa ya kikohozi. Kibakuli cha kumi na tatu uvumilivu ukanishinda, nikamwonyesha kwa mkono: jaza, bibi, jaza mpaka juu.

Kimya.

Bibi akamtazama mkwe. Mkwe akamtazama bibi. Kibakuli kikajazwa hadi ukingoni, nikapewa kwa mikono miwili. Sijafika nusu, mkwe amesimama mbele yangu na koti langu linalochuruzika na viatu vyangu.

Kesho yake, kwenye nyumba ya wageni mjini Kochkor, msichana aliyejua Kiingereza ndiye aliyenifumbulia. Kule kuipima chai ndiyo heshima. Unapewa kidogo ili iwe moto kila mara, ukirudishe kibakuli, mwenyeji amimine tena, na mazungumzo yaendelee. Kibakuli kikijazwa hadi juu, maana yake: kunywa hiki, uende zako.

Nilikuwa nimeomba kufukuzwa kwenye mvua ya mawe, na wenyeji kwa adabu zao wakaanza kunitimizia.

Vijana wa bodaboda mtaani kwangu wakiisikia husema, "Dada, hiyo ni chai," yaani kamba tupu. Nami huwajibu ndiyo, ni chai, vibakuli kumi na vinne.

## Vyombo vya kabatini

Ninazo nyingine, na kama vyombo vya kabatini, najua kipi cha kumtolea nani.

Wazee nawatolea ya Istanbul. Waturuki wakikusalimu wanasema "merhaba". Mtu yeyote, kwa mtu yeyote. Siku ya kwanza mtoto wa miaka kumi hivi, anauza mikate ya duara yenye ufuta, akanitazama usoni akaniambia, "Merhaba." Mtoto! Ameitikia shikamoo ambayo sijampa! Nilisimama pale barabarani nimeudhika kikweli. Siku ya tatu nikaona isiwe taabu, nikawa natangulia mimi. "Shikamoo," namwambia muuza mikate. "Merhaba," ananijibu. Hesabu ikawa sawa, ila yeye ndiye mzee.

Vijana nawatolea ya Yogyakarta. Indonesia utakuta maneno yako yamefika kabla yako: meza ni meja, karatasi ni kertas, nanasi ni nanas, dunia ni dunia, bendera ni bendera. Ukajiona uko nyumbani. Usiku kwenye kibanda cha kuku wa kukaanga, binti akaniuliza kwa upole, "Dada atau paha?" Nikafurahi, jamani, mpaka huku naitwa dada. "Ndiyo, dada," nikajibu, "asante, dada," nikamwelekezea mkono kwa heshima zote. Binti akajitazama kifuani. "Dada" kwao ni kidari. Aliuliza nataka kidari au paja.

Ya Japani siiandiki. Kuna neno lao la dubu, kuna mji upande wa kusini ambao jina lake linaanzia na neno hilo, na kuna dubu mweusi wa mashavu mekundu ambaye jina lake limebandikwa kwenye kila kitu wanachouza pale. Mama anasoma blogu hii. Tuendelee.

Halafu iko ya uwanja mmoja wa ndege ambao sitautaja, afisa aliyeishika pasipoti yangu na kuniuliza kuhusu kangaruu. Alidhani natoka Tasmania. Nikimwigiza afisa yule, nyusi na yote, hakuna anayebaki kwenye kiti.

Nilikaa kwenye chumba cha afisa yule kwa muda wa saa tatu. Sehemu ambayo sijawahi kuigiza ni pale nilipoomba kwenda chooni, nikalia huko nimefungua bomba ili nisisikike, kisha nikampigia mama nikamwambia nimefika salama, watu wa huku wakarimu.

Nilijua muda mrefu kwamba naikata ile. Ni yangu, naikata nipendavyo. Kukata hofu yangu mwenyewe hakumdhulumu mtu. Swali la shangazi lilinigusa mahali pengine: je, na visivyo vyangu nimekuwa nikivikata?

## Daftari

Niliporudi Dar nikalitoa daftari la safari kutoka chini ya kitanda, ambako limelala na chaja tatu ambazo sijui ni za simu gani. Ukurasa wa siku ile una mistari minne, mwandiko wa mtu mwenye vidole vya baridi.

"Song-Köl. Mvua ya mawe, nimepotea. Niliogopa sana. Familia, bibi, watoto 2. Vibakuli 8 vya chai. Njaa, nimekula kila kitu. Bibi amenipa godoro lake."

Vinane.

Sikumbuki lini vilikuwa kumi na vinne. Nadhani vilianza kuongezeka uwanja wa ndege tu, nikielezea madada waliokuja kunipokea. Tisa kilikuwa cha kujazia. Kumi na moja kilikuja na mahadhi yake. Kumi na vinne kikatua mdomoni vizuri, kikakaa. Hilo halinisumbui sana. Msimulizi anayehesabu vikombe kwa uaminifu aende akafanye kazi ya bandari.

"Nimekula kila kitu" ndiyo iliyonikalisha chini. Katika hadithi sili kitu. Katika hadithi ni chai tu, mandazi yapo ili watu wapige makofi, halafu yanatoweka.

Nikafungua picha. Ipo moja, mkwe aliipiga kwa simu yangu: mimi nimekaa, nacheka, mtandio umelowa, kitambaa mbele yangu. Nyuma, juu ya rundo la magodoro na mablanketi yaliyokunjwa, watoto wawili. Picha hii nimeipitisha kwenye harusi na misiba kama ushahidi. Angalieni macho yale! Hawajawahi kumwona mtu mweusi maishani mwao! Kila mtu hutazama macho, hucheka, hurudisha simu.

Sikuwahi kuyafuata macho yanakokwenda.

Msichana anamtazama mpiga picha. Mvulana, mdogo zaidi, hatazami uso wangu. Nikaivuta picha mpaka ikawa madoadoa. Macho yameshuka. Yako kwenye mkono wangu wa kulia, na mkono wangu wa kulia umeshika andazi. Kwenye kitambaa yamebaki matatu.

Labda.

Labda alikuwa anapepesa, na simu ikamkamata kope zikiwa chini. Labda palikuwa na gunia zima la boorsok nyuma ya pazia, maana si chakula cha kuhesabiwa, hukaangwa kwa wingi. Labda walikuwa wameshiba nyama tangu mchana, na mimi sasa, kwa kujifanya mwungwana, nawavisha njaa watoto ambao baba yao anaweza kuwa na kondoo mia tatu. Hilo nalo ni kosa, kumwona kila mwenye mashavu yaliyobabuka na baridi kuwa ni maskini. Nimelifanyiwa mimi na wageni wanaokuja kwetu, nalijua ladha yake.

Nimezunguka humo wiki nzima. Picha haisemi zaidi ya hapo.

## Shingo na miguu

Ila kuna jambo nisilohitaji picha ili nilijue.

Nyumbani kwetu, nikiwa na miaka saba, minane, mgeni akija kuku alichinjwa. Sisi watoto tukaambiwa tukacheze nje, nasi tukaenda kucheza nyuma ya pazia. Tulikuwa watatu na kitundu kimoja, tunapokezana. Tulihesabu. Lile paja kalichukua. Kaongeza wali. Kaacha firigisi, alhamdulillahi. Mgeni njoo mwenyeji apone: wakubwa walikuwa na tafsiri yao ya maneno hayo, sisi tulikuwa na ya kwetu, nayo ilikuwa ndani ya sinia likirudi jikoni. Mgeni akila vizuri, sisi ni shingo na miguu.

Alikuwepo mjomba mmoja wa Pangani ambaye kila mara alibakiza. Paja zima, na wali umesukumwa upande mmoja kwa unadhifu, bila kuchafuliwa mchuzi, anasema ameshiba kabisa. Tulimpenda mtu yule kuliko sikukuu. Na alikuwepo mwingine, rafiki wa baba, aliyevunja mifupa akafyonza hadi ndani, kisha akapangusa sinia kwa kidole. Tulimwita Fagio.

Kule Song-Köl, mimi nilikuwa Fagio.

Sababu ninazo. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimelowa, niliambiwa na msafiri fulani kwamba nchi zile ukibakiza chakula unamtukana mwenyeji. Nikaikumbuka kanuni ya kitabuni ya watu nisiowajua, nikaisahau ya nyuma ya pazia. Watoto wawili wamekaa kimya juu ya magodoro, wanamtazama mgeni akila, na mimi katika watu wote nikaona kinachotazamwa ni rangi yangu.

Nimejaribu kuisimulia upya. Mara ya kwanza kazini, wakati wa chakula cha mchana, nikawaondoa watoto kabisa. Ikaenda, lakini ilikuwa inachechemea, watu wakatabasamu wakarudi kwenye simu. Sikujua vicheko vingi namna ile vilikuwa vimening'inia kwa wale wawili. Mara ya pili nikawarudisha, nikaweka na mandazi, nikaweka na Fagio. Kukawa kimya, kisha dada mmoja akasema, "Jamani, wewe," akaniwekea kipande cha samaki kwenye sahani yangu kana kwamba mwenye njaa ni mimi.

Na yako mengine ambayo hayajawahi kuingia kwa sababu hayachekeshi. Baada ya kile kioja cha viatu, walipoelewa kwamba sitaki kuondoka, bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Kitambaa kilipokunjwa akainua viganja, akasema "omin", akajipangusa uso. Nami mikono yangu ilikuwa imeshapanda yenyewe. Ilipanda bila kuniuliza, kama nyumbani baada ya dua. Akanishika mkono, akasema maneno mengi, sikuambulia hata moja, hakuniachia mpaka taa ilipozimwa.

Asubuhi sikuwa na cha kumpa isipokuwa kanga, pea nzima, mpya, niliyoibeba tangu Dar nikisema itapata mwenyewe. Akajifunga mabegani papo hapo, akazunguka ili nimwone. Mgongoni iliandikwa: "Mtasema mchana usiku mtalala." Mkwe wake akampigia makofi.

Hiyo inachekesha. Hiyo nitaibakiza.

## Kikombe

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tanga kwa shughuli nyingine, nikapita kwa shangazi. Uani palikuwa patupu, mikeka imekunjwa, masinia yameegemezwa ukutani yanakauka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nikakaa kibarazani. Nikamweleza yote: daftari, vibakuli vinane, picha, macho ya mvulana, mandazi matatu. Nikamwambia swali lake limeninyima usingizi.

"Swali gani?"

"Ulilouliza usiku wa mchele. Wale watoto walikula nini."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta funguo. "Mimi niliuliza hivyo?"

"Uliuliza, shangazi."

"Haya, labda niliuliza." Akafikiri kidogo. "Usiku ule kichwa changu kilikuwa na watoto wote wale waliolala sebuleni, na unga wa uji haukununuliwa. Nilikuwa nawaza asubuhi watakula nini." Akainuka, magoti yakalia, akaingia jikoni. "Kwani walikula nini?" akauliza kutoka huko.

"Sijui, shangazi."

"Pole."

Akarudi na chupa ya chai, sahani ya mandazi, na kikombe kimoja. Kutoka nyumba ya pili mjukuu wake wa miaka minne alikuwa ameshafika, sijui ameitwa na nani, amesimama mlangoni kidole mdomoni. Nikachukua andazi moja, nikaisukuma sahani upande wa mlango.

Shangazi akamimina. Akamimina, akamimina, chai ikapanda hadi ukingoni, ikavuka, ikaanguka kwenye kisosi. Ndipo akaifunga chupa, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niijue hadithi ile nikamwona anaicheka.

"Haya," akasema. "Kunywa uende zako."